Jiwe la Miguu ya Emak

Alhamisi, tarehe 9 Aprili 2015. Mvua ilianza kabla ya adhana ya alfajiri, ikapungua ikawa manyunyu, na kulipopambazuka ukungu ulikuwa umeufunika mto Ciberang hata minazi ya ng'ambo haikuonekana. Ndani ya msikiti wetu mdogo ndoo nne zilipangwa kati ya safu, zikipokea maji ya paa.

Naanza na mvua kwa sababu paa lile ndilo lililonimaliza.

Wanaonifuata tangu mwanzo wanajua nilipofika. Kwa asiyejua, nitasema kwa ufupi. Mimi ni Arnasih, mkata mawe wa kijiji cha Pasir Gintung. Mume wangu Kusnan amekula vumbi la karakana yetu mpaka kifua kimegoma. Mwezi uliopita, tarehe tatu, ilikuwa zamu yake kushuka shimoni kutafuta akiki. Kikohozi kikambana. Jirani yetu Odang, baba wa watoto wawili, akamwambia, "Pumzika, Kaka, leo naingia mimi." Shimo likaporomoka. Odang tulimtoa kesho yake.

Kabla machozi hayajakauka nikafanya kosa langu mwenyewe, na nililifanya nikiwa katika ibada.

Mbele ya msikiti wetu, kando ya kisima, kuna jiwe la kutawadhia. Lina urefu wa mtoto wa miaka mitatu na unene wa ndoo, limelazwa, nusu liko ardhini. Ni mti uliogeuka jiwe. Huku kwetu magogo ya namna hiyo tunayaokota mashambani kama wengine wanavyookota kuni. Baba yangu, marehemu Jasim, alilileta na wanaume sita mwaka 1968, msikiti ulipojengwa kwenye ardhi aliyoitoa wakfu.

Emak, mama yangu, ni kipofu mwaka wa tisa huu. Kila alfajiri hushika kamba tuliyoifunga kutoka mlangoni kwetu, huhesabu hatua thelathini na moja, hulipapasa jiwe kwa nyayo, hupanda, hutawadha. Ni mahali pekee duniani anapokwenda bila kushikwa mkono. Wiki tatu zilizopita aliteleza kwa ukoga akaanguka, akachubuka kiwiko. Nikaenda kulisafisha jiwe.

Mtu mwingine angetumia brashi na majivu. Mimi nilichukua msasa. Nilianza na ule mkali, ukoga ukatoka. Nikasema nilainishe kidogo. Nikachukua msasa wa pili, wa tatu, huku namsalia Mtume, na kila nilipotaka kuacha nilikuta msasa laini zaidi uko tayari mkononi. Mwisho nikasugua kwa ganda la mwanzi na kitambaa cha jinzi, kama tunavyosugua mawe ya pete. Nilipomwagia maji, nikakaa chini.

Lilikuwa kijani. Kijani kinachoingia kwenye bluu, kikifuata mizunguko ya mti mmoja baada ya mwingine hadi kwenye kiini. Tumezoea magogo mekundu na ya kahawia. Hili halikuwahi kuonekana kwetu. Mwalimu wangu wa shule ya jioni alisema maji ya ardhini ndiyo hupaka mti rangi kwa kile yaliyobeba: yakibeba kutu, mti huwa mwekundu. Haya, alisema, yalibeba shaba.

Kwa miaka arobaini na saba watu walitawadha juu ya rangi ile, na ingeendelea kulala kama si mimi.

Mnajua homa ya akiki ilivyoishika nchi mwaka huu, kila mtu anataka jiwe la pete. Wiki haikupita akaja Darwan, mfanyabiashara wa mawe kutoka mjini Rangkasbitung, akalala kifudifudi kando ya jiwe na tochi yake. Alipoinuka alisema, "Nipeni hili, nitaezeka msikiti wenu wote kwa vigae vipya." Watu wakafurahi. Mimi nikasimama nikasema jiwe ni wakfu wa baba yangu, haliuzwi, na barua ya wakfu ipo juu ya boriti ya msikiti. Nikajitapa kwamba nitaisoma mwenyewe mbele ya watu wote, Alhamisi, baada ya sala ya Alasiri.

Leo ndiyo Alhamisi yenyewe.

*

Alfajiri nilikuwa nyuma ya Emak, hatua tano, kimya, maana hapendi kufuatwa. Alipohesabu thelathini akasimama, mguu wake umegusa mtu.

"Nani huyo kalala njiani?"

"Ni sisi watatu, Emak," ikajibu sauti kutoka chini. Walikuwa wanaume watatu wenye tochi, saruni zimelowa matope. "Tunatazama kidogo tu, kwa tochi."

"Mnatazama nini mahali pa miguu?"

"Rangi, Emak."

"Mimi sina macho, lakini nasikia kuna foleni ya watu wanataka udhu. Nyie mna macho sita na tochi juu, hamjaiona?"

Foleni ikaangua kicheko. Mmoja wa walalao akasema, "Samahani, Emak, pita."

"Sipiti. Hapa ndipo nilipokuwa nakuja." Akapanda juu ya jiwe, nyayo zote mbili, juu kabisa ya mwanga. "Na uzime hiyo. Sitaki kuchomwa vidole."

Akatawadha taratibu kuliko siku zote, makusudi. Wanaume wakasubiri na kofia zao mkononi.

Tulipokuwa tunarudi akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hiyo rangi ni rangi gani?"

"Kijani, Emak. Kinaingia kwenye bluu."

"Kama nini?"

Nikafikiri. "Kama shingo ya tausi."

Akaendelea kuifuata kamba.

"Nililiona jiwe lile miaka thelathini na minane," akasema. "Lilikuwa kama vumbi. Nikipita naliona, nikifua naliona. Halikunionyesha kitu."

"Lilikuwa halijasuguliwa, Emak."

"Limesubiri mpaka nimefumba macho."

Nilimshika kiwiko, akautoa mkono wangu.

"Leo utasoma barua ya baba yako?"

"Nitasoma."

"Usigugumize. Wapo wanaokuja kukusikia ukigugumiza tu."

Hilo nililijua. Herufi za Qur'ani nilizifahamu tangu utotoni, lakini herufi za magazeti nimeanza kuzisoma nikiwa na miaka arobaini na miwili, kwenye benchi moja na watu wa umri wa binti zangu. Mchana kutwa sikuwasha mashine. Nilikaa kwenye mkeka wa sala nikamwomba Mwenyezi Mungu jambo moja tu: nisigugumize.

Alinipa nilichoomba. Ningejua, ningeomba kingine.

*

Ngoma ya msikiti inayoita watu kwenye sala ilipigwa, tukasali Alasiri. Baada ya sala hakuna aliyeondoka. Wanaume mbele, wanawake nyuma ya pazia, lakini leo pazia lilisogezwa kando ili nisikike. Emak aliketi karibu na ukuta. Kusnan wangu aliketi mlangoni, penye hewa.

Mbele kabisa, pembeni, chini ya tundu baya kuliko yote, aliketi Mang Sarkim. Huyu ni mgema wa mtomvu, mti wa jamii ya mnazi ambao maji yake hupikwa yakawa sukari, mzee wa miaka sabini na kitu. Namwita Mang, baba mdogo, ingawa hatuna damu moja. Ndiye baba yake marehemu Odang. Tangu mazishi sijaweza kumtazama machoni.

Darwan alikuja na kofia mpya nyeusi na pete tano, mbili kwenye kidole kimoja.

Ustadhi Suhaemi alipanda kwenye kigoda akateremsha kifurushi cha kitambaa cheupe kutoka kwenye boriti. Desturi yetu ni kwamba barua ya wakfu haifunguliwi ila mbele ya jamaa wote wa msikiti, na hapajakuwa na sababu ya kuifungua tangu ilipofungwa. Tulijua yaliyomo kwa kusimuliwa tu. Baba alifariki nikiwa msichana. Sikumbuki kama aliwahi kunisimulia jiwe au ni mimi niliyeliongeza.

Ustadhi aliikunjua, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. "Herufi ndogo hizi, Dada Arnasih. Njoo. Wewe ndiye msomi wetu."

"Msomi wa jioni!" mmoja akadakia.

"Afadhali mie wa jioni," nikamjibu, "kuliko wewe usiye wa jioni wala wa asubuhi."

Watu wakacheka. Nilisimama mbele yao na kicheko kile kikanipa nguvu. Nakikumbuka kicheko kile sasa na kinaniuma.

Nikasema Bismillahi. Nikasoma.

"Mimi, Jasim bin Arja, wa Pasir Gintung, natoa wakfu kwa ajili ya Mwenyezi Mungu ardhi yangu ya hatua kumi kwa nane, pamoja na kisima, ijengwe nyumba ya sala, isiuzwe, isirithiwe."

"Allahu akbar," watu wakasema. Nilimtazama Darwan. Alikuwa anazungusha pete.

"Endelea," akasema Ustadhi.

Nikaendelea. Sauti yangu ilikuwa safi kama ya mtangazaji.

"Jiwe la kutawadhia si langu na silitoi, kwa kuwa mtu hatoi kisicho chake. Nimeliazima kutoka shamba la kando ya mto la Sarkim bin Durahman. Siku atakapolihitaji yeye, au wanawe, lirudishwe bila maneno."

Sikugugumiza hata neno moja.

Tone likaanguka ndani ya ndoo. Kisha lingine. Nilibaki nimeishika karatasi, nikaisoma tena kimoyomoyo, nikidhani pengine shule ya jioni ilinifundisha vibaya. Ilikuwa vilevile. Chini palikuwa na alama ya dole gumba la baba yangu.

Wa kwanza kusogea alikuwa Darwan. Aliinuka, akapita katikati ya watu kwa magoti, kama adabu yetu ilivyo, akafika kwa Mang Sarkim akamtolea pakiti ya sigara za karafuu.

"Mzee wangu! Mbona umekaa pabaya hivi, maji yanakudondokea? Sogea huku kukavu."

"Mwezi mzima yananidondokea hapa," akasema Mang Sarkim. "Na ulikuwepo wiki iliyopita."

"Sikukuona, Mzee."

"Sikuwa na rangi."

Watu wakaguna kicheko cha chini. Mang Sarkim hakuchukua sigara.

"Mang," nikasema. Nikaikunja karatasi. "Ulijua kama jiwe ni lako?"

"Nilikuwa mmoja wa wale sita waliolibeba. Nitaachaje kujua?"

"Mbona hukusema? Wiki nzima nimejitapa hapa."

"Mtu hadai jiwe ambalo watu wanaingilia msikitini."

"Kwa hiyo unaliacha?"

Niliuliza upesi mno. Hata mimi nilijisikia.

"Ningeliacha," akasema. "Mpaka mwezi uliopita."

Akavua kofia akaipangusa maji, akaivaa tena. Alipoanza kusema hakumwambia mtu yeyote, aliiambia ile ndoo iliyokuwa mbele yake.

"Jumamosi ni arobaini ya Odang. Juu ya kaburi nilichomeka vipande viwili vya mbao, kimoja kichwani, kimoja miguuni. Mvua hizi zimevilaza. Kila nikienda nakuta vimelala. Mke wake hunisaidia kuvisimamisha, kesho yake vimelala tena." Akaisogeza ndoo kidogo. "Odang alijifunza kutawadha juu ya jiwe lile. Alikuwa na miaka minne. Nilimshika kwapani asiteleze, naye akinirushia maji usoni, anacheka. Nataka vipande viwili vya jiwe lile. Kimoja kichwani, kimoja miguuni. Rangi sina haja nayo. Hata mkilipaka matope sawa."

Hakuna aliyekohoa, ila Kusnan, mlangoni.

Ustadhi Suhaemi akajikuna kidevu. "Kilichoazimwa kinarudi kwa mwenyewe, na barua inasema bila maneno. Hapo hatuna la kujadili."

"Subirini kwanza," akasema Darwan, na macho yake yakawaka. "Kipande cha kichwani, kipande cha miguuni. Je, katikati? Mzee wangu, katikati unapahitaji?"

Mang Sarkim akatikisa kichwa. "Kaburi halina katikati."

"Basi nipe katikati, mimi naezeka msikiti. Ahadi yangu ni ileile. Marehemu anapata mawe yake, mvua mnaisahau, na Mzee anakaa pakavu. Nani kakosa?"

"Alhamdulillahi!" ikatoka kila kona. Watu wakapeana mikono. Mwanamke mmoja nyuma yangu akaanza kulia kwa furaha, akasema thawabu zote ziende kwa Odang. Nilitafuta mtu mbaya nimkasirikie, sikumpata. Darwan alikuwa anaezeka nyumba ya Mungu. Mang Sarkim alikuwa anamzika mwanawe vizuri. Ustadhi alikuwa anafuata sheria. Baba yangu alisema kweli.

"Na mama yangu?" nikasema. "Atasimama wapi?"

"Tutaweka jiwe lingine," akajibu mmoja. "Au simenti."

"Simenti nzuri, yenye mikwaruzo," akaongeza mwingine. "Hatateleza."

"Hatua ni zilezile thelathini na moja," akasema wa tatu, kwa wema kabisa.

Nilimtazama Emak. Alikuwa ameinamisha kichwa, tasbihi imesimama kati ya vidole. Sikuweza kusoma uso wake. Barua nilikuwa nimeisoma vizuri sana.

"Wakataji ninao mjini," Darwan akasema. "Nikipiga simu, kesho wako hapa na mashine kubwa."

"Hapana," akasema Mang Sarkim. "Akate Arnasih."

Kwa mara ya kwanza tangu mazishi tulitazamana.

"Mang," nikasema, "nisikilize kama fundi, si kama mtoto wako. Shaba ni laini kuliko jiwe. Ule mshipa wa kijani umepita kwenye kiini, kutoka mwisho mmoja hadi wa pili. Diski ya msumeno ikiugusa pabaya, jiwe linaweza kupasuka vipande ishirini. Hutapata cha kichwani wala cha miguuni. Na wala paa."

"Na wakataji wa mjini?"

"Hao watalipasua kabisa. Hawalijui."

"Ndiyo maana nataka wewe."

"Naogopa, Mang."

"Basi omba," akasema. "Wewe si mwombaji? Nilikusikia mchana, nyumba zetu zinatazamana. Uliomba vizuri." Kisha, bila hasira, kama mtu anayetaja siku ya soko: "Na nyumba yenu inajua Odang aliingia shimoni badala ya nani."

Kusnan akasimama mlangoni. Akaushika mwimo.

"Nitakata mimi," akasema. "Deni hili ni langu, si la..."

Kikohozi kikamkata. Kilimkunja mpaka magoti yakagusa sakafu. Watu wawili wakamshika, mmoja akamletea maji. Aliponyoosha mkono kuonyesha kwamba bado anataka kusema, hakukutoka neno. Alibaki ananitazama mimi, macho yamejaa maji, nami nilijua anachoniomba.

Ndugu msomaji, usiniulize kwa nini sikukataa. Jiulize ningesimama upande gani wa chumba kile.

"Dada Arnasih," akasema Ustadhi kwa upole, "ikiwa unakubali, sema kwa mdomo wako, watu wasikie. Moyo wa Mzee utulie."

Nikaweka barua ya baba juu ya kitambaa chake. Nikasema:

"Mimi, Arnasih binti Jasim, naahidi mbele ya Mungu na mbele yenu. Jumamosi, jua likichomoza, kabla ya kisomo cha arobaini, nitalikata jiwe la kutawadhia kwa mkono wangu. Kipande cha kwanza kichwani kwa Odang, kipande cha pili miguuni kwake. Mungu akinijalia uzima."

"Mmesikia?" akauliza Ustadhi.

"Tumesikia!"

Mang Sarkim alifunika uso kwa viganja viwili. Mabega yake yalitikisika. Watu walianza kuinuka, wengine wanatafuta viatu, Darwan tayari ana simu sikioni anaulizia vigae. Nami nilisema moyoni, yamekwisha. Nimempotezea Emak jiwe lake, lakini yamekwisha.

"Sarkim."

Emak alikuwa amesimama. Mkono mmoja ukutani, mwingine umelishika pazia.

Kelele zikakatika.

"Naam, Dada," akajibu Mang Sarkim.

"Odang nilimpokea mimi, kwa mikono hii. Alitanguliza miguu, unakumbuka?"

"Nakumbuka. Ulikesha."

"Nilimwambia mkeo, huyu ana haraka ya kutembea. Siku mlipomtoa shimoni nilimlilia kuliko mlivyonisikia."

"Najua, Dada."

"Jiwe ni lako. Jasim hakusema uongo katika barua yake, na mimi sitasema uongo juu yake. Una haki ya kichwa, una haki ya miguu. Hata katikati una haki, mpe umtakaye."

Pumzi zikashuka chumba kizima. Ustadhi akatabasamu. Nilihisi machozi yananijia, machozi ya shukrani, nikaanza kumwendea nimshike mkono.

"Lakini Odang ana ardhi yote ya kulalia," Emak akasema. "Mimi nina jiwe moja la kusimamia."

"Emak," nikaita.

"Nyamaza, wewe umeshaahidi. Nimekusikia, sauti yako nzuri, hukugugumiza." Akauacha ukuta. Akasimama bila kushika kitu, uso wake umeelekea mlangoni, kule kwenye jiwe. "Sasa na mimi naahidi. Ustadhi, uliza watu wako kama wanasikia."

Ustadhi alifungua mdomo, akaufunga.

"Basi nitauliza mwenyewe. Mnasikia?"

Tone likaanguka kwenye ndoo.

"Jumamosi alfajiri nitashika kamba yangu. Nitahesabu hatua zangu thelathini na moja. Nitapanda juu ya jiwe, nitatawadha kama siku zote. Jua litachomoza, Arnasih atakuja na msumeno wake kama alivyoahidi, nanyi mtakuja kutazama. Nyote mashahidi, mbele ya Mungu: sitashuka."